Mfereji wa Midi: Likizo kwa Mwendo wa Maji

Mfereji wa Midi unatoka Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na kuishia kwenye ziwa la maji ya chumvi la Thau katika pwani ya Mediterania, umbali wa kilomita 240. Ulichimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681 ili nafaka, divai na bidhaa nyingine zivuke nchi kavu badala ya kuizunguka Uhispania kwa bahari. Leo haubebi tena shehena za biashara. Wanaoutumia ni watu walio likizoni: familia na makundi ya marafiki waliokodi mashua yenye vyumba viwili vitatu vya kulala, jiko na bafu, na wanaosafiri juma moja au mawili kwa mwendo usioruhusiwa kuzidi kilomita 8 kwa saa.

Mwendo huo ni wa mtu anayekimbia polepole. Mwendesha baiskeli kwenye njia ya kando huipita mashua bila kutoka jasho. Lakini anayekodi mashua hapa hatafuti kufika upesi. Anatafuta kukaa ndani ya nchi anayoipita, kuona shamba la mizabibu likimalizika na jingine likianza, kushuka kijijini kununua mkate na kurudi kabla chai haijapoa. Raha hiyo ina asili yake. Karibu kila kinachopendeza macho katika mfereji huu kiliwekwa pale kutatua tatizo: kona zinazozunguka vilima, malango ya mviringo, madaraja ya matao, safu za miti. Anayeelewa maji yaliyo chini ya mashua yake yametoka wapi husafiri vizuri zaidi kuliko anayetazama mandhari peke yake.

Maji ya mlimani

Ugumu wa mfereji wowote unaovuka nchi kavu uko katikati yake. Mashua ikitoka pwani lazima ipande hadi kwenye mwinuko unaotenganisha mito ya upande mmoja na ya upande wa pili, kisha ishuke. Kila inapopanda au kushuka, mamia ya mita za ujazo za maji huteremka bondeni na hayarudi. Kwa hiyo lazima pawe na chanzo cha maji kilicho juu kuliko sehemu ya juu kabisa ya mfereji, tena kisichokauka wakati wa kiangazi. Mfereji wa Briare, uliokamilika mwaka 1642 kuunganisha mito ya Loire na Seine, ulikuwa umeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini jimbo la Languedoc lina kiangazi kikali zaidi, na wafalme kadhaa waliokuwa wakiitamani njia ya maji kati ya Atlantiki na Mediterania walikwama kwenye swali hilo hilo moja.

Jibu lilitoka kwa mtoza kodi. Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, hakusomea uhandisi. Alikuwa na mkataba wa kukusanya kodi ya chumvi katika Languedoc, kazi iliyomzungusha vijijini na kumtajirisha. Aliifahamu Montagne Noire, milima yenye mvua nyingi iliyo kaskazini mwa njia iliyokusudiwa. Akisaidiwa na Pierre Campmas, fundi wa chemchemi wa mji wa Revel aliyevijua vijito vya milima ile, na mhandisi François Andréossy, alipanga kukinga vijito hivyo na kuvielekeza kwa mitaro ya kulisha hadi Naurouze. Mahali hapo pako mita 189 juu ya usawa wa bahari, na ndipo maji ya mvua yanapoachana, mengine yakielekea Atlantiki na mengine Mediterania.

Novemba 1662 Riquet alimwandikia Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Louis XIV. Serikali ilitaka kuona kwanza. Mwaka 1665 ukachimbwa mtaro wa majaribio, maji yakafika Naurouze, na Oktoba 1666 mfalme akatoa amri ya kuanza kazi. Kisha likajengwa bwawa la Saint-Ferréol, lenye ukuta wa udongo na mawe wenye urefu unaozidi mita 700 na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zipatazo milioni 6. Wakati wake lilikuwa miongoni mwa mabwawa makubwa kabisa ya Ulaya, na mpaka leo ndilo ghala kuu la maji ya mfereji. La pili, la Lampy, liliongezwa zaidi ya miaka 100 baadaye.

Katika miaka ya kazi nyingi vibarua walifikia 12,000, wanawake wakiwemo. Riquet aliwalipa kwa mwezi, na aliwalipa pia siku za mvua, za sikukuu na za ugonjwa, jambo lililokuwa nadra sana katika karne ile. Mwanazuoni wa Marekani Chandra Mukerji, katika kitabu alichokitoa mwaka 2009, alionyesha kwamba wanawake waliotoka vijiji vya milima ya Pyrenees walileta ujuzi wa kuongoza maji ambao wahandisi wa kijeshi wa mfalme hawakuwa nao. Ujuzi huo haukuandikwa popote, lakini umebaki ndani ya mawe, na ni haki ukumbukwe pamoja na jina la mwenye mradi, ambaye sanamu yake imesimama katikati ya Béziers tangu mwaka 1838.

Riquet mwenyewe aliuza mali, akakopa, na akafa Oktoba 1680, miezi michache tu kabla ya mashua za uzinduzi kupita Mei 1681. Familia yake ilibaki na madeni hadi mwaka 1724. Dosari kubwa iliyobaki ilirekebishwa na Vauban, mhandisi mashuhuri wa ngome, aliyeukagua mfereji mwaka 1686. Mito midogo ilikuwa ikiingia ndani yake na kuujaza matope kila mafuriko yalipokuja. Vauban aliagiza madaraja ya maji na mifereji ya chini kwa makumi, ili mito ipite chini na mashua zipite juu. Msafiri anayevuka mto Cesse au Orbiel akiwa ndani ya mashua, huku mto wenyewe ukitiririka chini yake, anavuka kazi hiyo.

Kutoka mizigo hadi mapumziko

Abiria walianza kuutumia mfereji huu mapema. Katika karne ya 18 mashua ya posta, iliyovutwa na farasi waliobadilishwa njiani, ilitoka Toulouse hadi Agde kwa siku nne. Abiria walilala kwenye nyumba za wageni zilizojengwa kwa ajili yao, na kijiji cha Le Somail kilizaliwa kutokana na usiku mmoja wa safari hiyo. Aliyeipenda mno njia hii ni Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Mwaka 1787, akiwa balozi wa nchi yake mjini Paris, alikodi mashua, akaagiza gari lake la farasi litolewe magurudumu na kuwekwa sitahani, akasafiri ndani yake huku vioo vikiwa wazi pande zote. Alipochoka kukaa alishuka kutembea kandokando ya maji. Alikuwa likizoni kwa maana kamili ya leo, karibu miaka 200 kabla ya wengine.

Mwiba wa mfereji ulikuwa reli. Njia ya garimoshi kutoka Bordeaux hadi Sète ilikamilika mwaka 1857, na mwaka uliofuata kampuni ya reli ile ile ikakodishiwa mfereji kwa miaka 40. Haikuwa na sababu ya kumlisha mshindani wake, na mizigo ikahamia garimoshini. Serikali iliuchukua mfereji mwaka 1898, lakini haukuipata tena nafasi yake. Mashua za mwisho za divai na nafaka ziliacha kupita mwishoni mwa miaka ya 1980, zikiwa zimeshindwa na malori.

Kilichoudhoofisha mfereji kibiashara ndicho kilichoulinda. Malango yake mengi hayakupanuliwa kufikia kipimo kilichowekwa na serikali kwa mifereji ya Ufaransa mwaka 1879, kwa hiyo yalibaki na umbo lao la karne ya 17. Mizigo ilipokoma kupita, Uingereza ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mfereji wa zamani unaweza kuwa na maisha mengine: kitabu cha L. T. C. Rolt kuhusu maisha ya mashuani, kilichotoka mwaka 1944, kiliwaamsha wengi, na chama cha kutetea njia za maji za ndani kikaanzishwa mwaka 1946. Waingereza walikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kuleta mashua za kukodi Midi. Desemba 1996 UNESCO iliuingiza mfereji katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na matawi yake, jumla ya kilomita 360 na miundo 328 ya kila aina.

Ndani ya lango

Lango la maji ni birika la mawe lenye milango mizito kila upande. Mashua inayopanda huingia birika likiwa tupu, milango ya nyuma hufungwa, vidirisha vya chuma vilivyo chini ya milango ya mbele hufunguliwa, maji huingia na kuinyanyua mashua hadi ilingane na mfereji wa juu, kisha milango ya mbele hufunguliwa. Anayeshuka hupitia hatua hizo kinyume. Hakuna pampu inayotumika; uzito wa maji wenyewe ndio unaofanya kazi.

Malango ya Midi yana umbo la yai, yenye upana wa takriban mita 11 katikati na yakiwa membamba kwenye milango. Moja ya yale ya mwanzo, lililojengwa kwa kuta zilizonyooka, liliporomoka kwa msukumo wa udongo, na tangu hapo Riquet akaagiza kuta zipinde, kwa sababu ukuta uliopinda hukabili msukumo kama tao lililolazwa. Kwa mafundi lilikuwa suluhisho zuri. Kwa nahodha mgeni ni mtihani, kwani mashua iliyonyooka haikai vizuri kando ya ukuta uliopinda: omo ikikaribia ukuta, tezi huelea mbali nao.

Basi hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu mmoja hushushwa kwenye kigati kilicho kabla ya lango, hupanda ngazi za mawe hadi ukingoni na kusubiri. Mashua ikiisha kuingia, hurushiwa kamba ya mbele, huizungusha mara moja kwenye kigingi cha chuma, na kuirudisha ncha yake kwa aliyeko sitahani. Kamba ya nyuma hufanyiwa hivyo hivyo. Vidirisha vikifunguliwa, maji huchemka mbele ya omo na kuisukuma mashua nyuma kwa nguvu inayowashangaza wengi mara ya kwanza. Walio sitahani huvuta kamba kadiri mashua inavyopanda, bila kuiachia ilegee. Wakati wa kushuka kazi inageuka: kamba huachiwa taratibu. Kosa moja halina msamaha hapo, nalo ni kufunga fundo. Maji yakishuka mita mbili na kamba ikiwa imefungwa, mashua itaning'inia ukutani. Kwa hiyo kamba hushikwa mkononi, haifungwi, na vidole huwekwa mbali na kigingi.

Zamani kila lango lilikuwa na mlinzi aliyeishi katika nyumba ndogo pembeni, yenye bango linaloonyesha umbali hadi lango linalofuata kila upande. Siku hizi mengi yanaendeshwa kwa umeme, na mengine mgeni hubonyeza kitufe mwenyewe. Walinzi waliobaki ndio wenye habari za njia: wapi maji yamepungua, wapi soko la kesho, nani anauza asali. Kwenye lango la Aiguille, karibu na Puichéric, mlinzi mmoja aliupamba ukingo mzima kwa sanamu za mbao na vyuma chakavu, na mashua hupunguza mwendo hapo hata zisipokuwa na foleni. Malango hufungwa usiku, na mengi hufungwa pia saa ya chakula cha mchana. Ratiba hiyo haibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote, na anayeipanga siku yake kuizunguka hapati karaha.

Kuhusu leseni, mashua ya kukodi isiyozidi mita 15 huendeshwa bila cheti cha unahodha. Mwenye mashua hutoa mafunzo mafupi kabla ya kuondoka: namna ya kuwasha injini, kurudi nyuma, kufunga kamba, kujaza maji safi na kutumia gesi ya jikoni. Kuendesha gizani hairuhusiwi. Ubavu wa mashua hizi ni mrefu na kitako chake ni bapa, kwa hiyo upepo mkali wa tramontane, utokao kaskazini-magharibi, huzisukuma kando bila kuomba ruhusa. Nahodha mzuri wa mfereji hujifunza haraka kwamba usukani unachelewa kuitika, na kwamba kupunguza mwendo mapema ni bora kuliko kusahihisha baadaye.

Njia yenyewe

Wachache huenda kilomita zote 240 kwa juma moja. Wengi huchagua kipande, na vipande havilingani. Kutoka Toulouse hadi Naurouze mfereji hupita karibu na barabara kuu, na kelele za magari husikika kwa muda mrefu. Kipande hicho kinaweza kuachwa bila majuto, isipokuwa na anayetaka kusimama Naurouze penyewe na kuona mahali maji ya Montagne Noire yanapoingia na kugawanyika.

Castelnaudary ni mwanzo mzuri zaidi. Hapo kuna bwawa pana la hekta 7 ambalo huonekana kama mapambo ya mji, lakini kazi yake ni kuyalisha mabirika manne yaliyoungana ya Saint-Roch yanayofuata chini yake. Mji huu unadai kuwa nyumbani kwa cassoulet, chakula cha maharagwe meupe kinachopikwa polepole ndani ya chungu cha udongo pamoja na nyama ya bata na ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwani soseji na ngozi yake ni sehemu ya mapishi ya kawaida.

Kilomita 40 mbele ni Carcassonne, mji wenye ngome ya minara iliyokarabatiwa na Eugène Viollet-le-Duc kuanzia katikati ya karne ya 19. Wakati wa Riquet mji ulikataa kuchangia gharama, naye akaupitisha mfereji mbali. Baada ya kuona biashara ikipita pembeni kwa zaidi ya karne moja, Carcassonne ililazimika kuchimbiwa njia mpya, iliyofunguliwa mwaka 1810. Gati la leo liko mbele ya stesheni ya reli, na ngome iko mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu.

Baada ya Trèbes mizabibu ya Minervois huanza, na huo ndio moyo wa safari. Homps palikuwa bandari ya divai. Leo ni bandari ya mashua za kukodi. Karibu na Paraza mfereji unavuka kijito cha Répudre juu ya daraja la maji la mwaka 1676, la kwanza katika njia hii. Ni dogo, na wengi hulivuka bila kujua. Baada ya lango la Argens hakuna lango jingine kwa kilomita 54, kwa sababu wachimbaji waliufuata usawa mmoja wa ardhi wakizunguka kila kilima na kila bonde. Katika kipande hiki mfereji hujipinda kiasi kwamba mnara wa kanisa la Capestang huonekana mbele, kisha kushoto, kisha kulia, kabla mashua haijafika. Kamba hupumzika, watoto hupewa zamu ya usukani chini ya macho ya mkubwa, na chakula cha mchana huliwa mashua ikiwa inakwenda.

Le Somail iko ndani ya kipande hicho hicho: daraja la mgongo wa tao, kanisa dogo, nyumba ya wageni ya zamani, na duka la vitabu vya kale vinavyojaza ghala zima. Karibu hapo tawi la mfereji huelekea Narbonne, ambako mashua hupita chini ya daraja lenye nyumba za watu juu yake. Na Capestang, pamoja na kanisa lake kubwa lisilomalizika, kuna daraja la mawe lililo chini sana hivi kwamba wenye mashua hulitumia kama kipimo: chombo kinachopita hapo hupita popote katika Midi. Viti na miavuli ya sitahani hulazwa mapema, na kila mtu huinama.

Mahali panapostahili nusu siku nzima ni kilima cha Malpas, kabla ya Colombiers. Mwaka 1679 wachimbaji walikuta mwamba laini unaobomoka, kazi ikasimama, na maadui wa Riquet wakaanza kusema mradi umekufa. Yeye akaagiza kilima kitobolewe. Mashua hupita leo ndani ya handaki hilo la mita zipatazo 165, la kwanza la aina yake Ulaya, ambalo mwamba wake wa mlango bado uko wazi kama ulivyochongwa. Chini yake kuna handaki la reli la karne ya 19. Na chini ya yote mawili kuna mfereji wa giza uliochimbwa katika karne ya 13 ili kulikausha bwawa la Montady. Anayepanda hadi magofu ya kale ya Ensérune juu ya kilima hulitazama bwawa hilo lililokauka likiwa limegawanywa mashamba ya pembetatu, yote yakielekea katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mitaro bado inatoa maji. Zama tatu za uhandisi zimepita katika kilima kimoja bila kugusana.

Kisha huja Fonserannes, juu ya Béziers. Mabirika manane ya umbo la yai yalijengwa moja baada ya jingine katika mteremko unaozidi mita 300, yakishusha mashua mita 21 na nusu. Siku hizi hutumika sita, kwa kuwa mwaka 1858 mfereji ulihamishiwa kwenye daraja la maji linalovuka mto Orb, na mashua haziendi tena kuvuka mto wenyewe, ambao mafuriko yake yaliwatesa mabaharia wa zamani. Kupanda na kushuka hufanyika kwa zamu, kwa saa maalumu, na watazamaji hujaa kingo zote mbili. Kutoka hapo hadi Agde nchi hulainika na upepo huanza kuwa na chumvi. Lango la Agde ni la duara na lina milango mitatu, mmoja ukielekea mto Hérault. Mwisho ni mnara mdogo wa taa wa Onglous na ziwa la Thau, lenye mashamba ya chaza na kome. Upepo ukiwa mkali, mashua za kukodi huzuiwa kuingia ziwani, na katazo hilo lisibishiwe: chombo cha mfereji si chombo cha mawimbi.

Msimu huanza karibu na mwezi wa Machi au Aprili na kwisha mapema Novemba. Wakati wa baridi baadhi ya sehemu hutolewa maji ili zikarabatiwe. Julai na Agosti joto ni kali, bei ziko juu na foleni za malangoni ni ndefu. Mei, Juni na Septemba ni bora, na Septemba ina nyongeza ya mavuno ya zabibu. Msafiri mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na nyaraka za kukodi mashua huonyesha mahali atakapolala.

Miti

Picha nyingi zilizoutangaza mfereji huu ulimwenguni ni za miplateni, miti mikubwa yenye magome ya madoa ambayo matawi yake hukutana juu ya maji. Haikuwa ya Riquet. Zamani kingo zilipandwa miti ya aina nyingine, ikiwemo miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri. Miplateni ilianza kupandwa katika karne ya 19 na ikafikia 42,000. Mizizi yake ilishika kingo zisibomoke, kivuli chake kilipunguza maji yanayopotea kwa jua, na farasi waliovuta mashua walipoa chini yake.

Mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu uligunduliwa karibu na Trèbes. Inaaminika kuvu hiyo ililetwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Huingia kwenye mti kupitia jeraha, huziba njia za maji ya mti, na mti hufa ndani ya miaka michache. Haina dawa. Mamlaka ya njia za maji, Voies navigables de France, imelazimika kukata miplateni kwa makumi ya maelfu na kuichoma, na kupanda mahali pake miti ya aina mbalimbali, hasa mialoni ya Uturuki, ili ugonjwa mmoja usiweze tena kuangamiza safu nzima. Sehemu ndefu za mfereji leo ziko juani, na miche iliyopandwa itachukua miongo kadhaa kutoa kivuli cha maana.

Kuvu hiyo husafiri kwa maji, kwa vifaa vya kukatia, na kwa mashua. Ubavu wa mashua unaochubua mzizi ukingoni hufungua jeraha, na kamba iliyozungushwa kwenye shina hukwangua gome na kubeba vimelea hadi mti unaofuata, pengine kilomita 20 mbele. Ndiyo maana kufunga mashua kwenye miti kumekatazwa mfereji mzima. Kila mashua ya kukodi hupewa vigingi viwili vya chuma na nyundo. Anayetaka kulala mahali pasipo na gati avigongee vigingi hivyo kwenye udongo wa ukingo, mbali na mizizi, na afunge kamba zake hapo.